Sufuria Niliyoitoa Mfukoni Mwako

Divine wangu,

Utakapofungua mfuko wako kule Bukavu utakuta sufuria ndogo haimo, wala jiko la mbabula, wala lile fungu la makala ambalo baba yako alilifunga kwa kamba tatu kana kwamba unahamia porini. Usimshuku mbeba mizigo wa bandarini. Nimevitoa mimi, leo saa tisa mchana, wewe ukiwa kwa jirani unasukwa nywele, naye baba yako ameteremka soko la Kituku kutafuta sambaza, vidagaa vya ziwani, za kukuagia. Mahali pa sufuria nitaweka barua hii, na ninaiandika haraka kwa sababu nikisikia geti najijua, nitaikunja na kuichana.

Habari za kufunga mlango vizuri na kutotembea na simu mkononi tumeshazizungumza mpaka umeanza kuniigiza sauti mbele ya rafiki zako. Nilikusikia, na nilicheka peke yangu jikoni. Lakini nina jambo jingine ambalo sijakuambia, na nimelibeba miaka tisa.

Linaanzia Jumapili iliyopita, mezani. Baba yako alikuwa ameeleza kwamba utakaa kwa mdogo wake, baba mdogo Innocent, na mke wake, mama mdogo Vestine, muda wote wa masomo. Ukaweka kijiko chini. Ulisema, "Papa, kulala nitalala. Lakini chakula ya ule mama siwezi kukula. Siwezi kukula kwa mutu aliua Koko."

Nilingoja baba yako akukemee. Hakukukemea. Alitafuna, akameza, akasema, "Basi atapika yake." Kesho yake akanunua sufuria na mbabula. Unajua vizuri maana ya mgeni kuingia nyumba ya watu na jiko lake. Hata tusi la mdomoni lina nafuu, kwa sababu tusi linasemwa mara moja na linaisha, lakini moshi wa jiko lile Vestine angeuona kila siku uani kwake kwa miaka mitatu. Na mimi, mtu pekee mezani niliyejua nani alimfanya nini bibi yako Koko, nilikupitishia chumvi.

Vestine hakumuua Koko. Hakumpa sumu, si ya haraka wala ya pole pole. Kilichoharibu figo za Koko kilitoka kwenye duka langu la dawa, na mkono uliokileta nyumbani ni huu unaoandika.

Sasa nimeliandika, ngoja nikueleze kwa mpangilio.

Unamkumbuka Koko jinsi alivyokuja kwetu kutoka Masisi, akifuatwa na mikeka yake miwili na masikitiko yake yote. Mama mzazi wa baba yako hakupenda Goma hata siku moja. Mawe meusi kila mahali, alisema, na ng'ombe hakuna. Vestine ndiye aliyemwonea huruma. Kila Jumamosi alikuja na bidoni ya manjano ya maziwa yaliyoshuka na gari la Masisi, na kati ya juma akatuma nyingine. Koko alikunywa asubuhi, mchana na jioni. Chakula alikigusa tu ili nisinune.

Magoti yalimuuma, na kiuno. Wakati huo nilikuwa nimebakiwa na katoni ya vidonge vya kalsiamu vyenye vitamini D, vile vikubwa vya kuyeyusha katika maji, na tarehe yao ilikuwa inakaribia kuisha. Wateja hawakuvitaka. Roho yangu ya kinesi na ya kidukani ikaniambia ni dhambi kuvitupa na mtu mzima ndani ya nyumba analia mifupa. Nikavileta nyumbani. Kimoja kwa siku, nikaona magoti hayajanyamaza. Nikapandisha viwili, halafu vitatu. Na kwa kuwa tumbo lilikuwa likimchoma, nikamwekea kando ya kitanda kopo la vidonge vyeupe vya kutafuna, vya kiungulia, ambavyo navyo vimetengenezwa kwa kalsiamu. Alivila kama pipi. Nilimwona na nikacheka. Ningekuwa nimesoma nyuma ya kopo lile kama ninavyosoma ya wateja, nisingecheka.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu najua umeshakumbuka. Ndiyo, wewe ndiye uliyekuwa unatumbukiza kidonge ndani ya kikombe cha Koko. Ulipenda povu lile, na Koko alikuachia unywe tone moja la mwisho. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yako, aliyevaa koti jeupe, alikuambia weka, ukaweka. Katika jambo hili huna sehemu, Divine, hata ya ukucha. Kama imekuwa nzito, weka barua chini, kunywa maji, urudi.

Umerudi? Sawa.

Baada ya miezi michache Koko alianza kuwa na kiu isiyoisha. Alikojoa usiku na mchana. Akafunga choo, akatapika, akakonda, na mwisho akaanza kuchanganya maneno, akimwita baba yako kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Hapa kwetu mtu akifika hapo, hakuna anayeuliza amekunywa kidonge gani. Watu wanauliza nani alimpa kikombe. Shangazi yako mkubwa alifika, akamtazama mama yake, akasema lile neno la sumu ya pole pole, karuho, halafu akageukia nyumba nzima: "Ile maziwa inaletwaka na nani?"

Nataka ujue nilifanya nini dakika ile. Mimi ni mtu wa Butembo, niliolewa katika ukoo ambao haukunichagua, na kwa miaka ya kwanza kila sahani niliyoweka mezani ilitazamwa mara mbili kabla ya kuguswa. Macho ya shangazi yako yalianzia kwangu. Niliyahisi shingoni. Halafu yakaniacha, yakaenda kwa Vestine aliyekuwa amesimama mlangoni na bidoni yake, na Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Wakamwita mama mmoja anayetapisha watu sumu kwa majani. Siku mbili alimnywesha Koko, siku mbili Koko akatapika. Mimi nesi niliyefundishwa kwamba mtu anayekauka hatapishwi, nilishika beseni. Siku ya tatu Koko hakuamka vizuri, ndipo baba yako akampakia kwenye gari tukaenda hospitali.

Kulikuwa na daktari mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya chini hadi ilibidi uiname umsikie. Aliniuliza, "Mama anakunywaka dawa gani ku nyumba?"

"Hakuna dawa, Dokta. Maziwa tu."

Akauliza tena, nikajibu vilevile. Na ninakuapia, kichwani mwangu haukuwa uongo. Dukani kwangu kalsiamu haikai na dawa. Inakaa rafu ya chini na vitamini, karibu na sabuni za watoto, na mwenyewe nimewaambia wateja mara nyingi: chukueni, hii haina mambo, hii ni kama chakula. Utakapokuwa muuguzi utauliza swali hilo kila siku, na watu wazuri kabisa watakujibu kama nilivyojibu. Taja vitu kwa jina, vitamini, majani, vidonge vya kiungulia, udongo wanaotafuna akina mama. Jibu langu lilimgharimu Koko siku mbili nyingine.

Jibu la damu lilipotoka, daktari alikuja na karatasi, akaniketisha kwenye benchi. "Kalsiamu ya huyu mama imepanda sana. Inatoka wapi?" Nikamwambia yote: katoni, kopo, vikombe vitatu kwa siku. Hakunipigia kelele. Alichora figo nyuma ya karatasi ile, akanieleza kama mtu anayemfundisha mwanafunzi, na maneno yake ninayo mpaka leo.

Alisema kalsiamu si ya mifupa tu. Ndani ya seli inafanya kazi ya mjumbe. Katika tezi nyingi, ikiingia kwa wingi, seli inafunguka na kumwaga homoni iliyokuwa imeiweka akiba. Ndivyo kongosho linavyotoa insulini. Lakini katika figo, kando ya mishipa midogo inayoingiza damu, kuna seli chache zinazotunza kimeng'enya kiitwacho renini, ambacho kinaanzisha kazi ya kupandisha presha na kuushikisha mwili maji na chumvi. Seli hizo zina tabia ya kinyume. Kalsiamu ikijaa ndani yake zinafunga, na ikipungua ndipo zinaachia. Shingoni, nyuma ya tezi kubwa, kuna vitezi vinne vya tabia hiyo hiyo: kalsiamu ya damu ikipanda vinapunguza homoni yao, na figo nayo, ikikosa amri ile, inapunguza kuiamsha vitamini D. Mwili wa Koko ulikuwa unajitahidi kufunga kila mlango, na sisi tulikuwa tunaingiza dirishani mara tatu kwa siku. Dawa ile ya kiungulia iliifanya figo iing'ang'anie kalsiamu badala ya kuitoa, na kalsiamu hiyo hiyo ikaifanya figo ishindwe kushika maji. Ndiyo sababu alikojoa mpaka akakauka.

Nilimuuliza kama basi ni renini iliyomfikisha pale. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Usikamate jambo moja ukalifanya jibu ya yote. Ndani ya mutu mugonjwa mambo mingi inavutana." Kisha akaongeza, "Kinachobaki, uwaambie familia. Beko pale nje banatafuta muchawi."

"Ndiyo, Dokta," nilisema.

Nikatoka. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, shangazi zako na baba yako, na Vestine amesimama peke yake ukutani, hakuna aliyemsogezea nafasi. Wote wakainua nyuso. Nilikuwa na sentensi mdomoni, imekamilika, ya maneno sita au saba. Nikasema, "Dokta anasema ni figo."

Basi. Nikafunga mdomo hapo.

Shangazi yako akapiga makofi mara moja. "Si nilisema? Sumu inauaka figo!" Nusu ya ukweli niliyowapa ndiyo iliyowakamilishia kesi. Kabla ya hapo walikuwa na wasiwasi tu, sasa walikuwa na neno la daktari.

Koko alitundikiwa maji, akili ikamrudia kidogo, akaniuliza hata kama nimekula. Lakini figo hazikurudi. Wiki ya tatu tukamzika.

Kwenye kilio ulikuwepo, umeshika kitambaa changu. Vestine alikuja na maziwa, kwa sababu kwao mtu haji kumlilia mama mkwe mikono mitupu. Shangazi yako akamnyang'anya bidoni akamwaga mbele ya watu wote, na maziwa yakaingia katikati ya mawe ya volkano yakapotea. Vestine akaiokota bidoni. Yalikuwa yamebaki kidogo chini. Akasema, "Mutazame bote. Nakunywa mbele yenu." Akanywa mpaka mwisho, akaipindua tuone. Na mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Anajua dawa ya kuizuia, huyo."

Vestine alinitazama mimi. Sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu nilikuwa nesi, na nesi alitakiwa kujua. Nikainamisha kichwa kama mtu anayelia. Wewe ukanivuta kitambaa: "Mama, ni kweli?" Nikakuambia, "Kula chakula yako." Hilo ndilo jibu lililokulea. Tangu siku ile hujaweka maziwa mdomoni, unasema tumbo lako halitaki, na mimi mama yako ninayejua dawa zote za tumbo sijawahi kukupa hata moja.

Mwezi uliofuata baba yako alimkataza Vestine kukanyaga kwetu, naye na Innocent wakahama Goma. Baba yako na mdogo wake walibaki kusalimiana sikukuu kwa sikukuu.

Miaka hii tisa nimezitafakari seli zile za figo kuliko kitu chochote nilichosoma shuleni. Watu wengine wakijaa jambo, wanalimwaga. Mimi nilivyozidi kujaa ndivyo nilivyozidi kufunga. Mwaka wa kwanza ningesema kwa aibu ya siku moja. Mwaka wa pili ningelazimika kueleza kwa nini sikusema mwaka wa kwanza, na kila mwaka ukaongeza kufuli lake. Nilidhani kunyamaza ni kubaki mahali pamoja, lakini nilikuwa naenda mbali kila siku, na Vestine alikuwa analipia safari yangu.

Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu aliposikia umepata nafasi. Baba yako hakuomba. Vestine alisema, "Mutoto asilale kwa watu hajue. Aje kwangu." Nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu. Nimeshindwa kulala vizuri tangu siku hiyo, na bado nilikaa kimya Jumapili.

Geti. Baba yako huyo.

*

Nimerudi mezani.

Sikuichana. Alipoingia na sambaza zake aliona mfuko wako uko wazi na sufuria iko sakafuni, akauliza nani amefungua. Nikamwambia aketi. Hakuketi. Nikamwambia hivyo hivyo, amesimama, mfuko wa samaki unadondosha maji kwenye kiatu chake. Nilianza na katoni nikamaliza na benchi la hospitali. Sikujitetea. Nilipofika kwa maneno "ni figo", aliweka mkono ukutani.

"Ulijuaka?" alisema. "Ile siku ya kilio, ulijuaka?"

"Nilijua."

"Na mimi nilimufukuza muke ya ndugu yangu."

"Ndiyo."

Alitoka nje akakaa juu ya lile jiwe kubwa karibu na tangi. Yuko pale mpaka sasa, nikiandika namwona kupitia dirisha. Sijui atasema nini akiingia. Huenda kesho bandarini utaona hatuongei, na ukisoma hapa utajua sababu, wala usijaribu kutupatanisha kwa haraka kama unavyopendaga. Ni haki yake. Ila nilipopita kwenda kuchukua maji aliniambia neno moja bila kunitazama: "Mupigie."

Nilikuwa nimepanga, nikuambie ukweli, wewe ndiye uchukue habari hii kwa Vestine. Ukurasa wa kwanza niliuandika nikiwa na wazo hilo. Ningekupa mzigo wangu uuvushe ziwa, mtoto wa miaka ishirini, kama nilivyokupa kidonge cha kutumbukiza kikombeni. Nimeliona wazo hilo na nimejionea aibu. Nikachukua simu.

Alipokea haraka, akafikiri ni habari za boti. Nikamwambia. Upande wa pili nilisikia beseni linawekwa chini.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena.

"Innocent eko hapa. Naweka sauti kubwa. Sema, na yeye asikie."

Nikasema mara ya tatu, na hii ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu nilimsikia baba yako mdogo akianza kulia kabla sijafika katikati, kwa sauti, kama mtoto. Nilimwambia Vestine kwamba wiki ijayo, wakikubali, nitapanda boti na baba yako na shangazi zako wote watakaotaka kusikia, nami nitasema mbele yao, nikisimama nyumbani kwake. Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na usije ukamuuliza. Hakunitukana pia. Akauliza jambo moja tu.

"Mutoto anakunywaka maziwa?"

Nilitazama sufuria sakafuni. Nilitaka kumweleza habari za tumbo lako, na miaka tisa, na kwamba huu ni uamuzi wako wewe. Sikueleza. Nilimwambia, "Anakunywa."

"Basi sawa," alisema. "Nitamuwekea."

Divine, jioni ya siku utakayofika atakuletea kikombe. Nimekujibia bila kukuuliza, na mbele ya mwanamke yule nimeshasema uongo wa kutosha; huu usiwe mwingine. Kipokee kwa mikono miwili, unywe mpaka mwisho, ukipindue aone.

Mama yako